Ijumaa ya Kwaresima, Mama Kapakwa Rangi

Irving, 17 Machi 2025

Gelasius,

Sisi huku hatujambo. Watoto wanakwenda shule, Glory ameng'olewa jino la nyuma, mvua ya mawe imeacha mashimo kwenye boneti ya gari langu. Hizo ndizo habari za kwangu, na nimezitanguliza kwa sababu Mama alitulea hivyo: barua inaanza na salamu hata kama anayeandika ameuma meno.

Nakuandikia kwa karatasi kwa kuwa kwenye simu nimekublock. Barua naituma nyumbani kwako Katy, ikusubiri ukirudi kutoka kwenye matembezi yako.

Nikueleze Alhamisi ilivyokuwa. Jumuiya nzima ya Waswahili wa parokia ilikuwa sebuleni kwangu. Niliwaita mimi. Niliwaambia mama yangu mzazi, Mwalimu Ndeshi, anaingia chumba cha upasuaji Delhi asubuhi ya Ijumaa, ambayo kwetu bado ni Alhamisi usiku, anabadilishwa vali ya moyo, na mdogo wangu Gelasius yuko naye kwa kuwa mimi makaratasi yangu yako uhamiaji na nikitoka Marekani sirudi. Watu walikuja na sare za kazi. Humphrey alitoka kazini kwake uwanja wa ndege na koti lake la mistari inayong'aa. Tukapiga magoti. Tuko kwenye rozari, Matendo ya Uchungu, tendo la nne, Yesu anachukua msalaba, simu zikaanza kutetemeka. Moja kwenye mfuko wa koti, nyingine kwenye mkoba, nyingine juu ya kabati. Lilikuwa lile grupu tulilolipa jina "Tumwombee Mama".

Mzee Absalom, aliyekuwa akiongoza, akavaa miwani, akatazama, akaniinamia. "Pruda, huyu si ndiye mgonjwa?"

Ndiye. Mama amekaa barabarani kwenye kiti cha plastiki, gauni jeupe, uso nusu kijani nusu pinki, mvi zote njano, anacheka mpaka pengo linaonekana. Nyuma yake watu wanarushiana unga wa rangi. Na wewe umeandika chini: "Bibi yenu leo kachafuka, mwonyesheni mama yenu." Picha ya kuwatumia wanao umeitupa kwenye grupu la maombi!

Glory akauliza, "Mom, is Bibi okay?" Mtu mmoja akacheka, akafuata mwingine. Rozari haikuisha. Chai ikanywewa, maandazi yakaliwa, watu wakaniaga kwa upole, upole ule anaopewa mtu aliyeibiwa mchana kweupe.

Na ni Kwaresima, Gelasius. Kwenu huko ilikuwa tayari Ijumaa. Mama aliyekuwa mwenyekiti wa akina mama parokiani, aliyetunyima hata sukari kwenye uji mpaka Pasaka, wiki ile kapakwa majivu, wiki hii kapakwa rangi.

Jumamosi majirani zangu Wahindi nao wakacheza sikukuu yao ya rangi kwenye paking. Gari langu likapata pinki ubavuni. Nikashuka nikawafokea watoto wa watu mpaka bibi yao akatoka kuniomba radhi. Hawakuwa wamenikosea chochote. Nilikuwa nakufokea wewe.

Nina swali moja. Kwa nini Mama hakufanyiwa upasuaji? Jibu bila kunizungusha. Na popote mlipo, hakikisha Mama hali chumvi.

Dada yako,
Prudensia


Katy, 2 Aprili 2025

Dada Pruda, shikamoo.

Tumerudi salama. Mama nilimfikisha nyumbani Kibosho mimi mwenyewe, nikamkabidhi kwa jirani, Mama Deo, ndipo nikapanda ndege ya huku. Watoto hawajambo. Wifi yako Clarisse aliifungua barua yako kabla yangu, akaniambia kwa Kiswahili chake cha Bukavu, "Ule njo dada yako, umuandikie tu. Usikae kimya, non." Ndiyo haya naandika.

Picha nilikosea. Vidole viligusa grupu lililokuwa juu. Kwa hilo nakuomba radhi, na Mzee Absalom nimeshampigia.

Upasuaji haukufanyika kwa kuwa madaktari waliona bora kusubiri. Mama yuko kwenye dawa. Siku zilizobaki nikamtembeza kidogo: Agra, Mathura, Jaipur. Gari lilikuwa na kiyoyozi na kiti cha magurudumu kilikuwa kwenye buti, kwa hiyo hakuchoka. Jaipur kuna jumba refu la rangi ya waridi lenye vidirisha vingi vidogo. Zamani wanawake wa mfalme walikaa nyuma yake wakatazama maandamano barabarani bila wao kuonekana. Mama alilitazama muda mrefu.

Zaidi ya hapo sina la kueleza kwa sasa. Nisalimie watoto, na Glory pole kwa jino.

Mdogo wako,
Gelasius


Irving, 13 Aprili 2025, Jumapili ya Matawi

Gelasius,

Sisi wazima, jino limepona. Shikamoo yako nimeiona na sitaiitikia.

"Madaktari waliona bora kusubiri." Unasahau unamwandikia nesi. Ripoti ya moyo wa Mama niliisoma mimi kabla ninyi hamjapanda ndege. Vali iliyobana kiasi kile haisubiri. Ni daktari gani huyo? Nimepiga simu hospitali hiyo, wameniambia hawazungumzi na mtu ambaye mgonjwa hakumtaja. Mama hakunitaja? Mimi?

Nampigia kila siku. Nikimuuliza ananiambia, "Muulize mwenzio." Nakuuliza wewe unanijibu vidirisha vya Jaipur. Mnanipiga danadana kama mpira.

Wewe una pasipoti ya Marekani, una likizo, una mguu wa kutoka. Mimi naishi chini ya njia ya ndege. Kila nikifungua mlango naona matumbo ya ndege zinazokwenda kila mahali isipokuwa mahali ninapotaka, kwa kuwa siruhusiwi kupanda. Nilikupa nafasi yangu kando ya kitanda cha Mama, ukaitumia kupiga picha za utalii!

Mrudishe Delhi. Mwezi wa tano, wa sita, wowote. Mrudishe akatibiwe, nami nitanyamaza.

Clarisse msalimie, yeye sina ugomvi naye. Mama Deo mwambie kopo la chumvi alifungie kabatini.

Prudensia


Katy, 11 Mei 2025

Dada Pruda, shikamoo.

Leo huku ni siku ya akina mama. Wanangu wamemkaangia Clarisse mayai yakaungua, akala yote. Kibosho nimepiga, Mama yuko salama, nimemkuta anamenya ndizi.

Kumrudisha Delhi siwezi. Naomba usiniulize kwa nini. Ningekuwa na ruhusa ya kusema ningeshasema.

Ndani ya bahasha nimekuwekea isale. Unajua kwetu Uchagani ilivyo: mtu akiletewa jani hilo limefungwa fundo, hata kama ni kesi ya damu, anasamehe. Huku sina shamba la kihamba la kulikatia, nimelikata kwenye mmea wa chungu tulionunua duka la vifaa vya ujenzi, huko kwenye barabara kuu. Lakini ni lile lile, nimelikagua vizuri. Naomba yaishe, dada.

Gelasius


Irving, 20 Mei 2025

Gelasius,

Wazima.

Jani lako hilo hapo, nalirudisha. Limefika limesinyaa kama mchicha wa juzi. Isale haitumwi kwa posta. Inaletwa na mtu, kwa mkono, anakaa uani mpaka aitwe ndani. Hainunuliwi duka la misumari. Na anayeileta anataja kwanza alichokosea. Wewe unataka nisamehe jambo ambalo hata kulitamka hutaki.

Ruhusa! Ruhusa ya nani? Mimi ndiye mtoto wa kwanza. Baba alipofariki, nani alishika nyumba ile wakati Mama hawezi kuinuka kitandani? Nani alikufulia sare mpaka ukaingia sekondari? Leo kuna ruhusa unayo wewe na mimi sina?

Basi nikwambie nililolikalia tangu Machi. Mama akifa, umemuua wewe. Umemuua kwa uvivu na kwa matembezi. Nimesema na sifuti.

Prudensia


Katy, 9 Juni 2025

Dada,

Shikamoo leo sitoi, nilizotoa bado ziko kwako hazijajibiwa. Sisi wazima. Joto limeanza.

Barua hii nimeiandika na kuichana mara nyingi. Clarisse amesema nisipoituma ataituma yeye. Niliahidi kunyamaza, na ahadi hiyo naivunja leo kwa hasira. Uliyoniandikia hayabebeki.

Madaktari hawakuahirisha kitu. Mama alikataa. Daktari alimweleza yote kwa Kiingereza, naye alisikiliza kama anasahihisha daftari. Akauliza, nikipasuliwa naweza nisiamke? Akaambiwa inawezekana, kwa umri wake na figo zake. Nisipopasuliwa? Utaishi, ila mpaka lini hatujui. Akakunja mikono. "Thank you, doctor. I am going home." Kisha akanigeukia. "Lakini kwanza unitembeze."

Unadhani sikubishana? Nilibishana mpaka nikalia kwenye korido mbele ya wageni. Nikamwambia nampigia Pruda. Hapo ndipo alipokasirika, akaninyang'anya simu. Akasema, "Ukimwambia Pruda ataniamuru, na mimi nitatii. Namwogopa. Nitakwenda kulala kwenye kile kitanda kwa kumwogopa mwanangu."

Umesikia? Mama anakuogopa. Ukipiga video unamwambia afungue mdomo uone kama kidonge kimeshuka. Unataka afunue sufuria uone. Unamwita "my dear" kwa sauti ile ya wodini. Mwalimu aliyenyoosha wilaya nzima anakaa wima mbele ya simu kama anasubiri viboko. Ulitaka nimtaje aliyenipa ruhusa? Alininyima, na aliyeninyima ni yeye.

Na katika barua zako zote hukuuliza hata mara moja kama alifurahi.

Agra alivalishwa vifuko vya viatu mbele ya lile kaburi jeupe, akalitazama, akasema mwanamume aliyemjengea mkewe kitu kama hiki lazima alimkosea sana alipokuwa hai. Vrindavan, pale karibu na Mathura, tumbili alimnyakua miwani usoni akapanda nayo ukutani. Ikabidi tumrushie boksi la juisi ndipo aidondoshe. Mama alicheka mpaka nikashika mfuko wa dawa. Siku ya rangi aliiomba mwenyewe. Utotoni Moshi mjini alisoma na binti wa Kihindi, Hansa. Kila mwaka Hansa alikuja darasani na rangi nyuma ya masikio, imekataa sabuni, na kila mwaka alimwalika Mama, na kila mwaka ilikuwa Kwaresima. Aliniambia Mungu hatamhesabia Ijumaa moja. Aliyempaka shavu la kwanza alikuwa mama mtu mzima kama yeye. Alimwomba ruhusa kwa mikono, Mama akafumba macho akampa uso.

Jaipur, kwenye jumba lile la vidirisha, alisema, "Hawa walikuwa kama Pruda wangu. Wanaona kila kitu na hawawezi kutoka."

Sasa unajua yote. Kasirika unavyotaka. Mimi nimechoka.

Gelasius


Irving, 16 Juni 2025

Gelasius,

Wazima.

Alisema "namwogopa"? Kwa mdomo wake?

P.


Katy, 30 Agosti 2025

Dada Pruda, shikamoo.

Watoto wamerudi shule. Clarisse amebadilisha kazi, sasa yuko Alief kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na kwa umbali huo yuko barabarani kutwa. Nimechelewa kujibu, na si kwa shughuli. Kila niliposhika kalamu niliona nakupiga mahali pale pale.

Alisema hivyo. Kwa mdomo wake. Kisha akaongeza, "Na yeye ana woga kunizidi, ndiyo maana anapiga kelele."

Mama ananiambia siku hizi hupigi kila siku, na ukipiga unauliza habari za mbuzi. Amepata wasiwasi. Ameniuliza kama unaumwa.

Miguu yake imeanza kuvimba jioni. Nakwambia kwa sababu wewe unajua maana yake.

Gelasius


Kibosho, 2 Novemba 2025

Gelasius mdogo wangu,

Marahaba. Hiyo ni ya zote ulizonitumia, zigawe mwenyewe.

Watoto nimewaacha kwa Mzee Absalom na mkewe. Kibali cha kusafiri kilitoka mwezi wa kumi, nikaondoka bila kukuambia. Nilikuwa na hasira na wewe, na usidhani imezimika nilipovuka bahari. Uliyoniandikia kuhusu Mama ni kweli, na neno langu kwamba umemuua nalifuta, ingawa nilisema sifuti. Lakini ulipaswa kunipigia pale pale kwenye korido. Ningepiga kelele, ndiyo. Ningemwamuru, ndiyo. Na baada ya hapo ningekuwa pamoja nanyi, hata kwa simu. Uliniacha nimepiga magoti mbele ya watu, naombea upasuaji usiokuwepo. Hilo bado. Isale zimejaa hapa uani na sikutumii hata moja. Njoo Desemba ukate la kwako, ukae nje mpaka nikuite.

Kabla sijaondoka nilikwenda kwa yule bibi Mhindi wa paking, nikamwomba radhi kwa kuwafokea wajukuu zake. Akanikalisha, akanipa chai. Nikamweleza kwamba mama yangu alicheza rangi Mathura. Akaniuliza alifurahi? Nikamwambia sijui, sijamuuliza. Gelasius, niliona aibu kwenye kiti cha watu.

Hapa nimefika Alhamisi mchana bila taarifa. Mama Deo akanifungulia geti akaniachia njia. Nikapiga hodi, na sauti iliyotoka niliisikia mwenyewe: ile ya wodini. Kupitia dirisha nikamwona Mama mezani na sahani yake ya ndizi. Alishtuka. Akanyakua kopo la chumvi, akalisukuma chini ya kanga mapajani, akajifuta mdomo, akakaa wima. Ndipo akasema, "Karibu."

Mwalimu Ndeshi! Aliyetuchapa sote kwa kusema uongo. Nilisimama mlangoni na sanduku langu nikalia kwa hasira, na safari hii hasira haikuwa juu yako, ilikuwa juu yangu.

Amekonda. Miguu imevimba kweli. Lile gauni jeupe amelitundika nyuma ya mlango na hajalifua, rangi zote ziko vilevile. Aliponitazama vya kutosha akauliza, "Umekuja kunipeleka hospitali?"

"Nimekuja kula," nikasema.

Akanipakulia. Hotuba yote niliyoipanga kutoka Irving ilikuwa kooni: vali, figo, maji ya mapafu, daktari ninayemfahamu Dar. Nikaonja ndizi. Nikanyoosha mkono. "Mama, hazijakolea. Nipe chumvi."

Alinitazama. Akafunua kanga taratibu, akaliweka kopo mezani. Nikajitilia, nikamsogezea.

"Nitie?" akauliza.

"Sahani ni yako, Mama."

Akatia. Akala tonge la kwanza, la pili, mabega yakashuka. Nikamuuliza, basi niambie, huko India ulifurahi? Akasogeza kiti chake karibu na changu, akaanza kunihadithia habari ya tumbili aliyemwibia miwani, nami nikacheka kama mtu ambaye hajawahi kuisikia.

Dada yako,
Pruda